Vichocheo vya ukuaji wa ubongo na kuzaliwa kwa kifafa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, wanafunzi wa tiba, na wazazi waliokwisha kusikia jina BDNF, mojawapo ya vichocheo hivyo, na wanataka kujua linaingiaje kwenye kifafa. Mwenye kifafa asiache dawa, asipunguze wala asiongeze, kwa sababu ya jambo alilolisoma hapa. Hilo ni la kuzungumza na daktari wake.

Vichocheo vya ukuaji wa ubongo ni kitu gani?

Ni protini ndogo ambazo seli hutoa ili kuambiana: ishi, kua, toa tawi, shikamana na jirani. Ya kwanza kujulikana ni NGF, ambayo Rita Levi-Montalcini aliifuatilia kwa viinitete vya kuku. Yeye na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ya pili ni BDNF, iliyosafishwa kutoka ubongo wa nguruwe mwaka 1982 na Yves-Alain Barde, David Edgar na Hans Thoenen nchini Ujerumani. Kilo moja na nusu ya ubongo iliwapa takribani mikrogramu 1 tu, yaani kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Udogo huo usikudanganye.

NGF, BDNF, NT-3 na NT-4 ni ndugu wa familia moja. Nje ya familia hiyo kuna FGF-2, VEGF, IGF-1, GDNF na TGF-beta, nazo zina kazi zake ubongoni. Katika habari ya kifafa, BDNF ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote, na majibu mengi hapa yanaihusu.

BDNF ikishatengenezwa hufanyaje kazi?

Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 11. Seli hutengeneza kwanza umbo refu, proBDNF, kisha vimeng'enya hulikata kupata umbo fupi lililokomaa. Maumbo haya mawili hayagongi mlango mmoja. Lile refu hupendelea kipokezi kiitwacho p75, na ujumbe wake ni wa kupogoa: matawi yafupishwe, wakati mwingine seli ife. Lililokomaa hushika kipokezi TrkB, na ujumbe wake ni wa kukuza.

TrkB ikishikwa, molekuli zake mbili huungana na kuwekeana fosfeti mahali maalumu. Mahali pawili ndipo pa kukumbuka, kwa sababu habari yote inayofuata inazunguka hapo. Nafasi ya 515 hufungua njia inayofika kwenye protini Akt, ambayo huilinda seli isife. Nafasi ya 816 hufungua njia ya kimeng'enya PLC-gama-1, ambayo hupandisha kalsiamu ndani ya seli na kuimarisha sinapsi, yaani maungio kati ya seli za neva. Kipokezi ni kimoja, ila korido mbili zinaanzia hapo, moja ya kuokoa na nyingine ya kukaza.

Mnasema kifafa "huzaliwa". Si mtu huanguka tu?

Tutenganishe mambo mawili. Mshtuko ni tukio: umeme wa ubongo unavurugika kwa sekunde au dakika kadhaa, kisha unatulia. Kifafa ni hali ya kudumu ya ubongo kuwa tayari kutoa mishtuko bila kuchokozwa. Mtoto mwenye homa kali akipata degedege amepata mshtuko, lakini bado hana kifafa. Kwa kawaida daktari husema ni kifafa baada ya mishtuko 2 isiyochochewa na homa, sukari kushuka, pombe au jambo jingine la papo hapo, iliyopishana kwa zaidi ya saa 24. Anaweza kusema hivyo hata baada ya mshtuko 1, kama uwezekano wa mwingine ni mkubwa.

Kati ya jeraha la ubongo na mshtuko wa kwanza wa namna hiyo hupita muda: wiki, miezi, hata miaka. Mgonjwa anaonekana mzima, anarudi shambani au shuleni. Ndani, waya zinafungwa upya. Kipindi hiki cha ukimya ndicho ambacho utafiti wa vichocheo vya ukuaji unakilenga, maana ndipo penye nafasi ya kuzuia.

Nani alishuku kwanza kwamba BDNF na ndugu zake wanahusika?

Mwaka 1989 Christine Gall na Paul Isackson walionyesha kwamba panya wakipata mishtuko, seli za hipokampasi, eneo la ubongo la kumbukumbu, huongeza utengenezaji wa NGF ndani ya saa chache. Muda mfupi baadaye ikaonekana kwamba BDNF hupanda pia, na kwa kiasi kikubwa. Vipande vya hipokampasi vilivyotolewa kwa upasuaji kwa watu wenye kifafa sugu vilionyesha ongezeko hilohilo.

Ongezeko peke yake halitoshi. Ukimkuta askari wa barabarani kwenye kila ajali, huwezi kusema yeye ndiye anayezisababisha. Huenda ubongo unaongeza BDNF ili kujitibu. Ilibidi mtu aiondoe BDNF aone kama kifafa kitazaliwa bila yake.

Jaribio hilo hufanywaje?

Njia ya zamani ni ile ya kuwasha polepole, iliyoanzishwa na Graham Goddard nchini Kanada miaka ya 1960. Elektrodi nyembamba huwekwa kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, ya panya. Kila siku anapewa umeme mdogo uleule kwa sekunde chache. Siku ya kwanza hakuna kinachoonekana nje. Siku zinavyokwenda, umeme uleule unaleta mshtuko mrefu zaidi na mkali zaidi. Ngazi zake, zilizopangwa na Ronald Racine mwaka 1972, ni 5: ya 1 mdomo na uso kutikisika, ya 2 kichwa kuinama na kuinuka, ya 3 mguu mmoja wa mbele kurusha, ya 4 panya kusimama kwa miguu ya nyuma, ya 5 kusimama na kuanguka. Akishafika ngazi ya 5 mara kadhaa, ukimwacha wiki nyingi bila kumgusa kisha ukampa umeme huo mara moja, anaanguka. Ubongo haukusahau. Kwa maana hiyo kifafa ni aina ya kujifunza, na BDNF ni mojawapo ya protini ambazo ubongo hutumia kujifunza. Tunaona hapo ndipo kiini cha suala zima.

Njia ya pili hufanana zaidi na yanayowapata watu: panya anapewa kemikali, kwa mfano asidi ya kainiki, inayomtia mshtuko usiokoma. Baada ya muda uliopangwa mshtuko huo unakatizwa kwa diazepam, kisha anasubiriwa. Baada ya siku au wiki mishtuko huanza kuja yenyewe.

Na walipoiondoa BDNF, ikawaje?

Mwaka 1995 panya waliozaliwa na nakala 1 tu ya jeni ya BDNF badala ya 2 walichelewa sana kufika ngazi za juu. Mwaka 1999 panya waliowekewa ubongoni protini inayonyonya BDNF kabla haijafika kwenye TrkB nao walichelewa.

Mwaka 2004 maabara ya James McNamara, Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilileta matokeo yaliyowashangaza wengi. Walipofuta BDNF yenyewe kwenye seli za neva, kifafa kilipungua kasi kidogo tu. Walipofuta kipokezi TrkB, hakikuzaliwa kabisa. Maana yake ni kwamba TrkB ina njia nyingine za kuamshwa, ikiwemo NT-4 na hata zinki inayotolewa na baadhi ya sinapsi za hipokampasi. Anayetaka kuzuia kifafa afunge mlango. Kumfukuza mgeni mmoja hakutoshi.

Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: je, unaweza kufunga mlango baada ya jeraha, kama ambavyo daktari angelazimika kufanya? Mwaka 2013 maabara hiyohiyo ilitumia panya ambao TrkB yao ilibadilishwa kidogo ili izimwe na dawa moja maalumu. Waliwatia mshtuko mrefu, wakaukatiza, ndipo wakaanza dawa. Waliitoa kwa wiki 2 tu, kisha wakaacha. Wiki na miezi baadaye, panya waliopewa dawa hawakuwa na mishtuko ya kujirudia kama wenzao, walikuwa na woga mdogo zaidi, na seli nyingi zaidi za hipokampasi zilikuwa zimesalia.

BDNF inaugeuzaje ubongo mzima kuwa wenye kifafa?

Kwa njia zaidi ya moja. Inayoeleweka vizuri zaidi ni ya breki.

Breki kuu ya ubongo ni kemikali GABA. Ikishika kipokezi chake, inafungua tundu la kloridi. Kwa mtu mzima kloridi ndani ya seli ni kidogo, hivyo inaingia, na kwa kuwa ina chaji hasi, seli inatulia. Kloridi ni kidogo ndani kwa sababu kuna pampu, KCC2, inayoitoa nje pamoja na potasiamu bila kupumzika. BDNF ikiiamsha TrkB kwa nguvu, seli hupunguza pampu za KCC2 kwenye ngozi yake. Hili lilionyeshwa mwaka 2002. Kloridi inarundikana ndani. Sasa GABA ikifungua lile tundu, kloridi inatoka badala ya kuingia, na seli inachangamka. Unakanyaga breki, gari linaongeza mwendo.

Muuguzi anaweza kuliona jambo hili wodini. Diazepam na phenobarbital hufanya kazi kwa kuipa nguvu GABA. Mshtuko ukiendelea muda mrefu, diazepam inazidi kushindwa. Sababu kubwa ni kwamba seli huvuta vipokezi vya GABA na kuvificha ndani, na kloridi kurundikana kunaongeza tatizo juu ya tatizo. Kwa hiyo dozi ileile inayofaa dakika ya 5 huenda isifae dakika ya 40.

Njia ya pili ni ya sinapsi zinazosisimua: BDNF huzifanya zitoe glutameti, kemikali ya kusisimua, kwa wingi zaidi na kushikamana zaidi, hasa kupitia nafasi ile ya 816.

Njia ya tatu huonekana kwa darubini. Seli za punje za hipokampasi hutuma nyuzi zake kwa seli za eneo la CA3, sehemu nyingine ya hipokampasi. Baada ya mshtuko mrefu, seli nyingi za katikati hufa, na nyuzi zile, zikiwa zimejaa BDNF, hugeuka na kuzishika seli za punje zenyewe. Kwa kuwa zina zinki nyingi, rangi ya maabara iitwayo Timm huzipaka weusi: mahali palipotakiwa kuwa peupe unaona mkanda mweusi. Ni picha inayovutia na imetumiwa sana, ila tusiitegemee kupita kiasi. Dawa ya rapamycin iliuzuia mkanda huo kwa panya mwaka 2011, na idadi ya mishtuko haikupungua.

Mbona nimesoma pia kwamba BDNF huzuia kifafa?

Umesoma sawa. BDNF ikimiminwa mfululizo kwenye hipokampasi ya panya kwa siku kadhaa, kufika ngazi ya 5 kunachelewa. Tofauti iko kwenye mwendo wa utoaji. Seli ikifunikwa na BDNF bila kukoma, huchoka na kupunguza TrkB zake, kwa hiyo ulichokusudia kuongeza umekipunguza. Tena BDNF huongeza neuropeptidi Y, ambayo ni kinga dhidi ya mishtuko.

Kundi la Michele Simonato wa Ferrara, Italia, lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 walitumia virusi vilivyofanywa visilete ugonjwa kupeleka FGF-2 pamoja na BDNF mahali palipojeruhiwa, siku chache baada ya mshtuko mrefu. Uharibifu ulipungua na mishtuko ya baadaye pia.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama BDNF ni nzuri au mbaya kwa kifafa, mrudishie maswali: wapi, lini, kwa muda gani, na kupitia korido ipi?

Je, ni BDNF peke yake?

La. Njia ya TGF-beta inastahili kujulikana kwa sababu inahusu majeraha ya kichwa. Ukuta kati ya damu na ubongo ukivuja, albumini, protini ya damu, huingia na kushika vipokezi vya TGF-beta kwenye seli-nyota, zile zinazozihudumia seli za neva. Seli hizo huacha kazi yake ya kuondoa potasiamu na glutameti iliyozidi, na eneo linakuwa jepesi kuwaka. Kwa panya, losartan, dawa ya kawaida ya shinikizo la damu, ilipunguza kifafa kilichotokana na njia hiyo. Usikimbilie kumpa mgonjwa wako. Kwa binadamu hayo si matibabu ya kuzuia kifafa.

Njia ya mTOR, protini inayoongoza ukuaji wa seli na inayoamshwa na vichocheo vingi vya ukuaji, ndiyo iliyofika hospitalini. Katika ugonjwa wa kurithi uitwao tuberasi sklerosisi breki ya mTOR imeharibika, na everolimus, dawa inayozima mTOR, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa mishtuko ya wagonjwa hao.

Malaria ya ubongo na minyoo ya tegu vinaingiaje hapa?

Hivi ni vyanzo vya kweli vya kifafa Afrika Mashariki. Huko Kilifi, Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kifafa kwa asilimia 9.2 ya watoto waliowahi kuugua malaria ya ubongo, dhidi ya asilimia 2.2 ya wale ambao hawakuwahi kupata malaria kali. Blantyre, Malawi, watoto 132 walionusurika walifuatiliwa, na 12 wakapata kifafa. Mabuu ya tegu wa nguruwe yakiingia ubongoni huacha uvimbe na kovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu, kisa 1 kati ya 3 cha kifafa kinatokana nayo.

Watoto hawa wote wamepitia kipindi kile cha ukimya. Lakini ushahidi wa TrkB ni wa panya waliopewa umeme au kainiki, na malaria ina mambo yake: mishipa midogo kuziba, sukari kushuka, ubongo kuvimba. Anayesema "malaria huleta kifafa kwa sababu ya BDNF" ameruka hatua. Choo, nyama ya nguruwe iliyokaguliwa na kupikwa hadi ndani, chandarua, na matibabu ya malaria ya mapema vinazuia kifafa zaidi ya molekuli yoyote iliyotajwa hapa.

Mtoto wangu alipata degedege ya homa. Atakuwa na kifafa?

Mara nyingi hapana. Degedege ya kawaida ya homa, yaani ya mwili mzima, chini ya dakika 15, mara 1 ndani ya saa 24, kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, huongeza hatari kidogo tu. Inayohitaji ufuatiliaji ni ile ndefu, ya upande mmoja, au inayojirudia siku hiyohiyo. Na si kila degedege yenye homa ni ya homa tu: mtoto apimwe malaria na sukari, na homa ya uti wa mgongo itafutwe.

Mbona asipewe dawa za kifafa mapema ili zizuie?

Limejaribiwa, na majibu yake yanafundisha. Mwaka 1990 nchini Marekani watu 404 waliojeruhiwa vibaya kichwani walipewa phenytoin au dawa bandia. Phenytoin ilipunguza mishtuko ya wiki ya kwanza. Kifafa cha baadaye hakikupungua. Dawa iliifunika ishara na kuuacha ujenzi wa ndani uendelee.

Kilifi, watoto 340 wenye malaria ya ubongo walipewa dozi 1 ya phenobarbital ya miligramu 20 kwa kilo, au dawa bandia. Waliopata mishtuko 3 au zaidi walishuka kutoka asilimia 27 hadi 11, lakini vifo vilipanda kutoka asilimia 8 hadi 18, hasa kwa waliokuwa wamepewa pia diazepam mara 3 au zaidi. Walikufa kwa kuacha kupumua. Matokeo haya ya mwaka 2000 ndiyo sababu dozi hiyo haitolewi kama kinga mahali ambapo hakuna mashine ya kupumulia.

Basi kuna dawa ya kuzima TrkB?

Dawa zinazozima TrkB pamoja na ndugu zake TrkA na TrkC zipo, lakini ni za saratani. Larotrectinib iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa uvimbe wenye hitilafu ya jeni za Trk. Madhara yake yanaonyesha ugumu: kizunguzungu, kuongezeka uzito (TrkB inasaidia kudhibiti hamu ya kula), na maumivu ya mwili mtu anapoiacha. Zaidi ya hayo, ukizima TrkB yote umezima korido ya Akt pia, na seli zilizojeruhiwa zinaihitaji.

Ndiyo maana jaribio la mwaka 2015 la maabara ya McNamara lilipokewa vizuri. Walitengeneza kipande kifupi cha protini, kinachoitwa pY816, kinachoitenga TrkB na PLC-gama-1 peke yake. Panya waliopewa baada ya mshtuko mrefu walipungukiwa na kifafa, huku ulinzi wa seli ukibaki. Korido moja ilifungwa, nyingine ikaachwa wazi. Kwa sasa hayo ni ya maabara. Hospitalini hakuna dawa ya aina hiyo, na anayekuuzia anakudanganya.

Naweza kupima BDNF kwenye damu?

Maabara za utafiti hupima, lakini hakuna uamuzi wa matibabu ya kifafa unaotegemea jibu hilo. Ukiwa mwanafunzi na unapanga utafiti, mitego ni hii. BDNF nyingi ya damu imehifadhiwa ndani ya chembe sahani. Damu ikiganda, chembe hizo huimwaga, hivyo seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda) huwa na BDNF nyingi mno kuliko plazima (maji ya damu iliyozuiwa kuganda). Usichanganye makundi hayo mawili kwenye jedwali moja. Kwa seramu, acha kila sampuli igande kwa muda uleule kwenye joto la chumba, angalau dakika 30. Iliyoganda dakika 20 na iliyoganda saa nzima hazilinganishiki. Kwa plazima, izungushe kwenye mashine mapema na kwa nguvu ya kutosha kuondoa chembe sahani zote, la sivyo zitapasuka ukiigandisha kwa baridi na namba itapanda. Hifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, usiyeyushe na kugandisha tena. Chukua damu saa ileile ya siku kwa wote. Soma karatasi ya kifaa chako cha ELISA, kile cha kupimia protini: vingine haviwezi kutenganisha proBDNF na iliyokomaa, na umeshaona kwamba hizo mbili hutoa amri zinazopingana. Tena panya wadogo hawana BDNF katika chembe sahani, kwa hiyo damu yao haikupi mfano wa damu ya binadamu.

Vipi vidonge vya mtandaoni vya "kuongeza BDNF"?

BDNF yenyewe ikimezwa inameng'enywa kama protini ya maharage, na hata ikidungwa mshipani ni vigumu kuvuka kuingia ubongoni. Vinavyouzwa ni unga wa uyoga, mimea, au kemikali kama 7,8-dihydroxyflavone, ambayo maabara kadhaa zilipoijaribu hazikuona ikiiamsha TrkB. Tuseme kimoja kingefanya kazi kweli: mwenye kifafa angekuwa analipa pesa kuamsha kipokezi kilekile ambacho watafiti wanataka kukizima. Asivitumie.

Mazoezi ni habari nyingine. Huongeza BDNF kwa kiasi cha kawaida, na kwa wengi wenye kifafa hayazidishi mishtuko. Kutembea, kukimbia, mpira, sawa. Kuogelea awe na mtu anayejua kuokoa. Asipande mnazi.

Ninatumia dawa ya sonona, na nimesikia nazo hushika TrkB.

Mwaka 2021 maabara ya Eero Castrén, Helsinki, ilionyesha kwamba fluoxetine na dawa nyingine za sonona hushikamana moja kwa moja na TrkB. Hilo lisikutishe. Sonona ni ya kawaida kwa wenye kifafa, na fluoxetine au sertraline kwa dozi ya kawaida hutumika bila kuongeza mishtuko kwa walio wengi. Inayoepukwa ni bupropion, na clomipramine hutolewa kwa tahadhari.

Kuna jeni ya BDNF inayorithisha kifafa?

Kuna badiliko la kawaida liitwalo Val66Met, linalopunguza utoaji wa BDNF seli inapochangamka. Ni la watu wengi Asia ya Mashariki na ni adimu kusini mwa Sahara. Tafiti za kulihusisha na kifafa zimepingana. Usilipie kipimo chake.

Mtu amedondoka mbele yangu sasa hivi. Nifanye nini?

Tazama saa. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola. Mitukutiko ikipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko mdomoni, usimbane mikono, usimpe maji wala dawa ya kumeza. Ikipita dakika 5, au akipata mwingine kabla hajazinduka, ni dharura: apelekwe kituo cha afya mara moja. Kama kuna mhudumu mwenye diazepam ya njia ya haja kubwa, dozi ya mtoto ni miligramu 0.5 kwa kilo, naye amwangalie upumuaji. Mishtuko mirefu ndiyo inayopandisha BDNF na kuua seli, na kuikatiza mapema kunapatikana hata kwenye zahanati.

Nikisoma habari za "dawa mpya inayozuia kifafa", nitazame nini?

Kwanza, dawa ilianza lini. Ikiwa ilitolewa kabla ya jeraha au wakati mshtuko unaendelea, huenda ilifupisha tu mshtuko wa mwanzo, na jeraha lenyewe likawa dogo. Hiyo haituambii lolote kuhusu mgonjwa anayefika hospitali baadaye. Pili, walihesabu mishtuko wakati dawa imeshatoka mwilini? Kama bado wanaitoa, inaweza kuwa imeficha mishtuko kama phenytoin ya mwaka 1990. Tatu, walihesabuje: kwa video na EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) usiku na mchana kwa wiki kadhaa, au mtu alipita kutazama vizimba saa za kazi? Panya hupata mishtuko usiku pia, na mingine haina mtukutiko wowote wa kuonekana kwa macho.